Simiti yangu ilivyotaka kuliua kanisa letu la zamani

Mwaka 2011 nilipewa kazi ya kukarabati kuta za kanisa letu huku bara ya Mombasa, nikaifanya kwa moyo wote na kwa bei ya chini kabisa maana ndipo nilipobatizwa na ndipo mama yangu alipoagwa, na kazi hiyohiyo ndo ilikaribia kuliangusha. Naandika haya kwa kuwa kila nikipita Kisauni, Changamwe, hata ndani ya Mji wa Kale, naona mafundi wenzangu wanafanya vilevile nilivyofanya mimi, kamati inapiga makofi, picha zinapigwa, na mimi nimesimama kando najua kitakachotokea masika mbili tatu zikipita.

Jina la kanisa sitalitaja, si langu peke yangu. Ni dogo, watu mia mbili wakikaa limejaa. Msingi na kama futi tatu za chini ni mawe ya matumbawe, kuanzia hapo kwenda juu ni matofali ya kuchoma, madirisha membamba marefu yenye matao, na paa lilikuwa la vigae vya Mangalore, vile vyekundu vilivyokuwa vikiletwa kwa meli kutoka India, mpaka vikashushwa yakawekwa mabati mimi nikiwa shule ya msingi. Marehemu baba alikuwa mwashi, yeye ndiye aliyenifundisha kulitazama. Jumapili ibada ikiisha alikuwa ananishika mkono ananizungusha nje, ananionyesha kozi, yaani safu, moja matofali yamelala ubavu, kozi ya juu yake yametoa vichwa, ubavu, vichwa, ubavu, vichwa, mpaka kwenye paa, ananiambia ukiona hivyo ujue ukuta ni mnene na yale yenye vichwa ndo yanafunga nje na ndani kama vifungo vya shati. Alafu tunasimama chini ya dirisha. Matumbawe ni jiwe zuri, anasema, lakini lina matundu na halipendi kuchongwa kona kali, kwa hivyo mjenzi akitaka tao lililo sawa anachukua tofali, maana kila tofali ni ndugu ya mwenzake. Na tao halishikwi na chuma. Linashikwa na uzito wake lenyewe, kila tofali linamsukuma jirani yake mpaka mzigo unafika ukutani unashuka chini, kwa hivyo ukuta ukichoka tao nalo halina pa kuegemea.

Haya yote niliyajua. Niliyajua na bado nikakosea, kwa sababu baba alinifundisha umbo la ukuta lakini zama zake na zangu zote zilikuwa za simiti, na chokaa tuliiona ni kitu cha kupaka rangi nyeupe kwenye miti ya barabarani.

Tatizo lilianza na jointi. Ile chokaa katikati ya matofali ilikuwa inadondoka kama unga, akina mama wakitoka ibada migongo ya nguo ina vumbi jeupe, na wazee wa kanisa wakasema hii ni aibu, kuna harusi, kuna mikutano ya dayosisi, watu waje wakute kanisa limependeza. Nikaja na vijana wangu wanne. Tukakwangua jointi, tukazijaza simiti nzito. Upande wa nje tukapiga plasta ya simiti kutoka chini mpaka usawa wa madirisha, tukapaka rangi ile inayoandikwa kwenye mkebe kwamba maji hayapiti. Ndani nikataka matofali yaonekane mapya nikachukua grainda nikasugua uso wa tofali moja baada ya jingine mpaka rangi nyekundu ikatoka safi kabisa, na nakumbuka mchungaji alivyosimama katikati ya ukumbi akashukuru kwa sauti. Wakati huohuo kontrakta mwingine akaweka kabro, yale matofali ya simiti ya kutandika chini, kuzunguka jengo lote, akazileta mpaka zikagusa ukuta, na kwa kuwa alijaza kifusi kwanza, ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Sikusema kitu. Niliona yapendeza.

Masika ya kwanza yalipita salama. Ya pili, mwezi wa tano, yule mama anayefagia akanipigia simu akaniambia fundi njoo uone, ukuta unatoa chumvi. Nilipofika nikakuta matofali niliyoyasugua yanabanduka ganda kwa ganda kama kitunguu, ukigusa kwa kidole yanamwagika, na juu yake kumeota kitu cheupe chepesi kama pamba. Alama ya unyevu, ambayo tangu utoto wangu ilikuwa haivuki goti, ilikuwa imepanda mpaka kifuani. Upande wa nje plasta yangu ilikuwa nzima, ngumu kama jiwe, lakini ukiigonga kwa mpini wa nyundo inalia tupu. Nikafanya nini? Nikakwangua ndani nikapiga simiti zaidi, na dawa ya kuzuia maji ndani yake, gharama yangu mwenyewe. Mwaka uliofuata unyevu ukaikwepa ile simiti mpya, ukatokea juu yake, karibu na vizingiti vya madirisha, na kwenye ukuta wa kusini, ule unaopigwa na upepo wa kusi wenye chumvi ya bahari, ukaonekana ufa umeanzia kwenye kona ya tao kushuka chini. Usiku huo sikulala.

Kukutana na Ami, mzee fundi wa chokaa, ilikuwa kwa bahati. Nilikuwa nimepeleka mchanga kwenye nyumba moja Mji wa Kale, na uani nikaona mzee amekaa kwenye kigogo, mbele yake shimo limefunikwa majani ya mgomba, anakoroga kitu cheupe kizito kama maziwa ya mtindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza ni nini hiki. Chokaa, akasema, ina miezi mitano humu. Nikamuuliza kwa nini asinunue simiti tu. Aliniangalia kwa muda alafu akaniuliza mimi nafanya kazi gani. Nikamwambia. Na sijui kwa nini, nikamweleza habari yote ya kanisa, mpaka ile ya grainda.

Alikuja mwenyewe siku ya tatu. Ni mtu wa msikitini, anaswali swala zote tano, kwa hivyo alisimama mlangoni akauliza kama anaweza kuingia, mchungaji akamwambia karibu mzee wetu, akavua viatu ingawa tulimwambia si lazima. Akatembea pembezoni mwa ukuta polepole. Akachukua ule unga mweupe akauonja kwenye ncha ya ulimi. Akatoka nje akatazama kabro, akatazama plasta, akarudi.

“Mwanangu,” akaniambia, “hii nyumba umeivisha koti la mvua na miguu yake i majini. Jasho litoke wapi?”

Alafu akanieleza, na tangu siku ile sijawahi kuutazama ukuta kwa jicho la zamani. Ukuta wa kale hauna kitu cha kuzuia maji chini. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake siku zote, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na waliojenga walijua, hawakupigana nayo. Waliacha ukuta uyavute na uyatoe. Maji yanapanda, yanafika kwenye chokaa ya jointi na plasta ya chokaa ambayo ni laini na ina vitundu vidogovidogo, yanakauka pale kwa hewa, na chumvi inabaki kwenye chokaa. Ndo maana chokaa ilikuwa inadondoka kama unga! Ilikuwa inakula ile chumvi kwa niaba ya tofali, inakufa polepole, na kila baada ya miaka kadhaa fundi anaiondoa anaweka nyingine. Kile tulichokiona aibu ndo ilikuwa kazi yake. Mimi nilipoweka simiti, ambayo ni ngumu kuliko tofali na maji hayapenyi kirahisi, niliyafungia mlango. Maji hayakuacha kupanda. Yalitafuta pengine pa kutokea, na pengine ni uso wa tofali lenyewe. Chumvi ikifika pale inakauka inakuwa fuwele ndani ya vitundu vya tofali, fuwele inakua, inasukuma, tofali linapasuka kwa ndani.

Na ngozi ya tofali nilikuwa nimeitoa kwa grainda. Tofali likichomwa, uso wake unaiva zaidi kuliko moyo wake, ile ngozi ya nje ndo inalilinda, ukiisugua umebakisha moyo laini mbele ya unyevu na chumvi. Hili nimekuja kulielewa vizuri zaidi miaka ya baadaye, mwaka 2018, nilipopata nafasi ya kusafiri na kikundi cha makanisa mpaka Blantyre, Malawi, nikaliona kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Wallahi, kama alivyo na mazoea Ami kusema, nilisahau kula. Ni tofali tupu kuanzia chini mpaka kwenye kuba, lilijengwa kati ya 1888 na 1891, na aliyelisimamia, mmisionari Mskoti David Clement Scott, hakuwa amesomea usanifu wala ujenzi. Aliyafinyanga na kuyachoma matofali palepale pamoja na wenyeji aliokuwa akifanya nao kazi. Penye nguzo ya mviringo hawakukata tofali kwa patasi liwe la mviringo, walitengeneza kalibu ya umbo lile, wakafinyanga udongo ukiwa bado mbichi, wakachoma. Pembe ina tofali lake, ukingo wa dirisha una lake, tao lina lake. Kwa hivyo kila tofali lina ngozi yake pande zote. Nilisimama pale nikaweka kiganja ukutani, nikafikiria grainda yangu, machozi yakanitoka mbele ya watu.

Lakini nimeruka mbele. Ami alikubali kutufundisha, ila alikataa nishike patasi kabla sijatembea. Nenda ukaone za wenzako, akasema, waliojenga kwa chokaa kwenye bahari hihi na chumvi hihi. Basi nikatembea, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mji ambao nimezaliwa ndani yake nikauona upya.

Nilianzia Fort Jesus kwa kuwa kila mtu huanzia pale. Ilianza kujengwa 1593, mchoro ni wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, mawe ya matumbawe na chokaa, na simiti tunayoijua leo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1824. Zaidi ya miaka mia mbili ngome imekaa na bahari ikiipiga kabla hiyo simiti haijapata hata jina. Nilikuwa nimepita pale mara elfu na hesabu hiyo sikuwahi kuipiga.

Nkrumah Road nikaenda Mombasa Memorial Cathedral, la Waanglikana. Ukilitazama kwa mbali lile kuba la rangi ya fedha na madirisha yale membamba, mgeni anaweza kudhani ni msikiti, na hiyo si bahati, John Sinclair aliyelichora alikuwa mtu wa Unguja kikazi na alipenda kuchanganya mtindo wa Kiarabu na wa kwao Uingereza. Lilijengwa 1903 mpaka 1905 kumkumbuka Askofu James Hannington, ambaye alifika Freretown mwanzoni mwa 1885 na Oktoba ya mwaka huohuo akauawa Busoga akiwa njiani kuelekea Buganda. Mimi lakini nilichokwenda kutazama ni hewa. Madirisha yapo juu na chini, matao yako wazi, kuba linavuta joto juu, ndani ni baridi hata mwezi wa pili, na nikaelewa jengo lililojengwa kwa hali ya hewa ya hapa linataka upepo upite ndani kama vile linavyotaka upepo upite kwenye ngozi yake. Kanisa letu, baada ya mabati kuwekwa, matundu ya hewa ya juu yalizibwa kwa mbao ili popo wasiingie. Nikaandika kwenye daftari: fungua, weka wavu.

Freretown ni nyumbani, ni njia yangu ya kila siku. Kila siku watu wanamwambia kondakta shukisha Kengeleni na wengi hawainui macho kuitazama kengele yenyewe. Iliwekwa kuwaonya watu waliokombolewa utumwani waliokuwa wakiishi pale, kwamba jahazi za wafanyabiashara wa watumwa zinakuja. Makazi yale CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, waliyaanzisha miaka ya 1874 na 1875, wakayapa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyepelekwa kwa Sultani Barghash mpaka mkataba wa 1873 ukalifunga soko la watumwa la Unguja. Mkombolewa wa jana ndiye aliyekuwa akibeba jiwe na kuchoma chokaa ya nyumba yake mwenyewe. Nikikumbuka hilo siwezi kuuita ukuta wa zamani uchafu wa kuficha kwa plasta.

Na Unguja nikaenda pia, kwa meli, kuliona Kanisa la Kristo pale Mkunazini, jiwe lake la kwanza liliwekwa siku ya Krismasi 1873 mahali palipokuwa na hilohilo soko. Kinachosimuliwa na kila anayekutembeza ni kwamba kuna nguzo ndani ziliwekwa juu chini, Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kichwa kikawa mguu, na aliporudi zikaachwa. Ukizitazama ni kweli ziko hivyo. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Kosa la fundi limesimama katikati ya nyumba ya ibada zaidi ya miaka mia, watu wanaliona, na kanisa linaendelea. Jumapili iliyofuata nilimuomba mchungaji dakika tano, nikasimama mbele nikawaambia waumini ukweli, kwamba ukuta unaharibika kwa kazi yangu, si kwa uzee wake, na nikaeleza kwa nini. Kulikuwa na ukimya. Mama mmoja wa kwaya akasema basi fundi tuambie tuanzie wapi, na hapo ndo kazi ilipoanza hasa.

Tulianza na kitu ambacho hakuna aliyetaka kukilipia, yaani kung'oa kabro zilizokuwa zinapendeza. Futi mbili kuzunguka kanisa lote zikaondolewa, tukachimba mfereji mpaka chini ya usawa wa sakafu, tukajaza kokoto, tukarekebisha gata zilizokuwa zinamwaga maji palepale kwenye pembe. Wiki tatu tu za kazi hiyo, na kabla hatujagusa ukuta wenyewe, alama ya unyevu ndani ilianza kushuka. Kama una jengo la kale na una hela ya kitu kimoja tu, mimi nakusihi fanya hicho. Toa maji miguuni mwake.

Alafu plasta. Ami alikataza mashine, ikawa patasi na nyundo, kipande kwa kipande, na amri ilikuwa moja, simiti ikikataa kutoka mpaka itoke na uso wa tofali, iache. Iliyopigwa siku sita ilichukua karibu miezi minne kuitoa. Chini yake tukaikuta chokaa ya wajenzi wa kwanza, na Ami akanionyesha alama za kuitambua: ina vidoadoa vyeusi vya makaa ya tanuu, vipande vya simbi kutoka kwenye mchanga, na vibonge vyeupe laini ambavyo ni chokaa isiyochanganyika sawasawa. Nilichukua kibonge kimoja nikakisaga kati ya vidole. Kilikuwa laini kama poda ya mtoto.

Kuta zikaachwa wazi zikauke. Kipindi chote cha kaskazi. Hapo ndo kelele zilikuwa nyingi, waumini wakiuliza mbona kanisa linakaa uchi, wengine wakahama kwa muda, mzee mmoja akaniambia usoni kwamba nimeliharibu mara ya pili. Nilikuwa namwelewa. Kwenye ule ufa tulikuwa tumebandika vipande vitatu vya kioo chembamba, kila kimoja kimevuka ufa upande huu na huu, kwa sababu ukuta ukisogea hata unywele kioo kinavunjika, na kila Jumapili watoto walikuwa wanakimbilia pale kuangalia kabla ya ibada. Miezi sita havikuvunjika. Ufa ulikuwa umetulia kwa sababu maji yalikuwa yameacha kulegeza ardhi ya pembe ile, tungeujaza simiti tungekuwa tumeficha tu.

Wakati kuta zinakauka tukachoma chokaa yetu. Mawe yalikuwa ya shimoni, matumbawe ya kale ya nchi kavu, si ya baharini. Ami alipanga magogo ya minazi iliyokufa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe juu, akaacha njia ya upepo katikati, moto ukawashwa jioni upepo ukiwa umetulia. Jiwe linataka joto la karibu digrii 900 ndipo likubali. Likipoa ukilinyanyua utashangaa, umbo ni lilelile lakini uzito umepungua karibu nusu, ile hewa iliyokuwa imefungwa ndani imetoka. Hewa hiyohiyo, akaniambia, chokaa itakuja kuinywa tena ikiwa ukutani, kidogokidogo, miaka na miaka, mpaka irudi kuwa jiwe. Alafu ukaja wakati wa kuizima, na hapa nasema kwa msisitizo, mtu asijaribu bila miwani ya kazi na glavu, ukitia lile jiwe kwenye maji linachemka lenyewe bila moto, linaruka, kijana wangu mmoja lilimrukia shavuni na tukamwagia maji mengi sana mpaka hofu ikatuisha. Ikazimwa, ikachujwa, ikalala shimoni chini ya majani ya mgomba miezi mitatu.

Mchanga Ami alichagua wa mto kutoka bara, wenye punje kali, akaukataa wa pwani, maana ukiweka mtanga wa bahari umeirudisha chumvi ulokuwa ukiikimbia. Karai moja ya chokaa, tatu za mchanga. Na matofali yaliyovunjika yale niliyoyaharibu mimi hayakutupwa, akina mama waliyatwanga kwenye vinu vya nyumbani, yakachekechwa, ule unga wake ukatiwa kidogo kwenye chokaa ili ishike haraka zaidi na kuwa ngumu kiasi. Vishindo vya michi uani kwa kanisa, akina mama wakiimba, na Ami ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini anawasahihisha, mama laini zaidi, laini kama bizari. Ningependa kila mtu aliyekuwa na shaka angekuwepo asubuhi ile.

Kujaza jointi ni kazi ya subira. Unalowesha tofali kwanza, unasukuma chokaa ndani kwa mwiko mwembamba, unasubiri ianze kukaza, unaipigapiga kwa burashi ngumu ili vitundu vifunguke, kisha unaning'iniza magunia yaliyolowa mbele yake siku kadhaa, maana upepo wa kusi ukiikausha haraka inapasuka nyufa ndogo na haina nguvu. Simiti inakupa jibu kesho yake. Chokaa unaitunza kama mzazi aliyejifungua. Matofali yaliyokufa kabisa tulitoa moja moja tukaweka mengine tuliyoyapata kwenye ghala la zamani lililobomolewa, ya ukubwa uleule, na tao la dirisha la kusini tulilishikilia kwa fremu ya mbao ya upinde wakati tunabadilisha matofali manne ya pembeni. Siku tuliyotoa ile fremu nilishika tao kwa mikono miwili kana kwamba ningeweza kulizuia. Lilikaa. Halikushuka hata kidogo.

Sasa ni miaka mingi. Masika ya mwaka huu yamenyesha sana, nilipita Jumatatu ukuta wa kusini umelowa mpaka umebadilika rangi, nikapita tena Alhamisi umekauka, hauna hata punje ya chumvi kwenye tofali. Kwenye jointi ipo, kidogo, na najua ni mahali pake.

Ukuta wa kaskazini bado. Hela ziliisha, na wenyewe haukuwa umeumia sana, ila plasta yangu ya 2011 ingali pale nusu yake na kila nikiingia kanisani naiona. Mwaka huu kamati imekubali, harambee imefanyika, na shimo la chokaa limechimbwa nyuma ya nyumba ya mchungaji. Ami siku hizi macho yamefifia, hapandi tena jukwaa, mjukuu wake ndiye humleta kwa tuktuk. Jumamosi iliyopita alifunuliwa majani, akachovya kijiti, akakivuta taratibu, akaisugua ile chokaa kati ya kidole gumba na cha shahada kwa muda.

“Bado,” akasema. “Ipe mwezi.”

Tukaifunika.